Kodi, kiwanja na tofali: kwa nini kijana wa Kibaha na Kisarawe anachelewa kupata nyumba yake

Swali hili hutufikia mara nyingi kwenye simu na ujumbe mfupi: kijana anafanya kazi, hanywi wala hachezi kamari, mbona umri unakwenda na bado anapanga chumba au analala kwa wazazi? Wazee wengine hujibu haraka kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Katika maelezo haya tunaweka hesabu mezani, tunaeleza sheria ya ardhi inasema nini, kisha tunataja hatua za kufuata kwa anayepanga, anayenunua kiwanja na anayeuza shamba. Unaweza kuyasoma taratibu na kuyatuma kwa mwenzako.

Nini kimebadilika hapa kwetu

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani na iko kwenye Barabara ya Morogoro, takriban kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Kisarawe nayo imepakana na jiji upande wa Pugu. Zamani umbali huo ulikuwa safari. Sasa barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa, stendi kuu ya mabasi ya mikoani iko Mbezi tangu mwaka 2021, na treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 ina vituo Pugu, Soga na Ruvu. Kwala kuna bandari kavu na eneo la viwanda.

Takwimu za sensa zinaonyesha matokeo yake. Mwaka 2012 Mkoa wa Pwani ulihesabiwa watu 1,098,668. Mwaka 2022 walikuwa 2,024,947. Ndani ya miaka kumi mkoa umekaribia kuongezeka mara mbili. Katika kipindi hicho Dar es Salaam ilitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728. Jiji linakua, na wengi wanaotafuta nafuu ya ardhi na kodi wanahamia upande wetu.

Mgeni anayekuja na fedha za kiwanja humfaidi mwenye shamba, fundi, mama lishe na bodaboda. Lakini pia hupandisha bei ya kiwanja ambacho kijana wa hapa hapa alitarajia kukipata kwa bei ya jirani. Hapo ndipo kijana wa Mlandizi, Visiga, Kiluvya au Masaki ya Kisarawe anajikuta anashindania ardhi ya kwao na mtu mwenye mshahara wa mjini.

Hesabu ya mshahara na kodi

Tuanze na kipato. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa sekta ya viwanda na biashara, na shilingi 140,000 kwa kilimo. Kwa sekta binafsi Serikali ilitangaza nyongeza nyingine inayoanza Januari 2026, wastani wa asilimia 33.4. Kwa watumishi wa umma kima cha chini kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025.

Tuchukue kijana wa kiwandani aliyekuwa kwenye 150,000. Mchango wake wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, ni 15,000. Anabaki na 135,000. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi kazini ni 2,000 kwa siku. Kwa siku 26 ni 52,000. Sasa ana 83,000 ya chakula, kodi, sabuni, vocha, na kitu kidogo cha kumtumia mama.

Kodi ya chumba inatofautiana sana kati ya Maili Moja, Mlandizi na vijiji vya ndani, kwa hiyo hatuwezi kutoa bei moja. Kwa mfano wa hesabu, chukua chumba cha 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, yaani 240,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 40,000. Jumla ni 280,000 siku ya kuingia, kabla hujanunua godoro. Hiyo ni zaidi ya mshahara wake wote wa miezi miwili baada ya makato. Hata ukiuongeza ule mshahara kwa theluthi moja ukafika 200,000, bado kiasi hicho kinauzidi.

Hapa ndipo wengi huangukia kwenye mikopo ya mtaani, ile tunayoiita kausha damu. Kodi ya kila mwezi wangeweza kuimudu. Kinachowashinda ni kutakiwa kuitoa ya miezi sita au mwaka mzima kwa siku moja.

Shida hii haipo kwetu tu. Kanada ni nchi tajiri, lakini vijana wake wengi nao wanalia na kodi, na wengi wamerudi kuishi na wazazi. Shirika la nyumba la nchi hiyo, CMHC, lina kipimo kinachosaidia popote: makazi yakikula zaidi ya asilimia 30 ya kipato kabla ya makato, hayo ni mzigo. Kwa mshahara wa 150,000, asilimia 30 ni 45,000. Kijana wetu wa kodi ya 40,000 bado yuko ndani ya kipimo kwenye karatasi. Ila nauli inakula zaidi ya kodi yenyewe. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya chumba, jumlisha na nauli. Chumba cha 30,000 kilicho mbali kinaweza kukugharimu zaidi ya chumba cha 50,000 kilicho karibu na kazi.

Haki zako ukiwa mpangaji

Watu wengi wanadhani mpangaji hana sheria. Anayo. Sehemu ya upangaji imo ndani ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999. Mambo ya kushika ni haya.

Dai mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja: majina, kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na kuisha, nani anatengeneza choo au paa likiharibika. Kila unapolipa, pata risiti au lipa kwa simu ili kumbukumbu ibaki.

Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi usio na tarehe ya mwisho, notisi ya kuondoka haipaswi kupungua kipindi hicho cha malipo. Kung'oa mlango, kuezua bati au kutupa vyombo nje si utaratibu wa kisheria. Mgogoro unapelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, baada ya jaribio la usuluhishi kwenye Baraza la Kata.

Kuna jambo la kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hii inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Kuanzia Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, sawa na 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Kama wewe mpangaji ndiye unayenunua umeme, zungumza na mwenye nyumba ipunguzwe kwenye kodi ya pango, na muiandike kwenye mkataba.

Na kuhusu miezi sita: jaribu kuomba miezi mitatu, au uombe ulipe sita kwa awamu mbili. Wapo wenye nyumba wanaokubali wakiona mtu ana mdhamini wanayemfahamu na kazi inayoeleweka. Hutapoteza kitu kwa kuuliza.

Mkopo wa benki unasaidia?

Benki zetu zinatoa mikopo ya nyumba, na tangu mwaka 2010 kuna kampuni ya TMRC inayozisaidia benki kupata fedha za muda mrefu kwa kazi hiyo. Lakini angalia hesabu. Chukua mkopo wa shilingi milioni 30 kwa miaka 15, riba asilimia 15 kwa mwaka. Marejesho ni karibu 420,000 kila mwezi. Mpaka unamaliza utakuwa umelipa zaidi ya milioni 75. Mtu wa mshahara wa 150,000 au 200,000 hawezi hata kuanza. Na benki itataka hati ya kiwanja, wakati viwanja vingi vinavyouzwa hapa kwetu havina hati.

Mkopo wa halmashauri nao wengi wanauulizia. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba. Ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Lakini ni wa vikundi vya uzalishaji mali, si wa kujengea nyumba. Ukiuchukua ukanunulia bati, kikundi chako kitashindwa kurejesha. Njia salama ni mradi uzae faida kwanza, kisha faida ndiyo inunue tofali.

Njia wanayoitumia wengi: kiwanja kwanza, tofali kidogo kidogo

Tofauti kubwa kati ya kijana wetu na kijana wa Kanada ni hii: kule huwezi kununua tofali kumi kumi ukajenga kwa miaka mitano huku ukiishi ndani ya pagale. Hapa watu wanafanya hivyo, na ndiyo njia iliyowapa nyumba wazazi wetu wengi.

Hesabu yake inaweza kupangwa. Chumba kimoja cha mita 3 kwa 3 hula tofali za inchi sita zipatazo 300 kwa kuta pekee, bila msingi. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa tofali 30 hivi, ikitegemea mchanga na ubora unaoutaka. Maana yake ni mifuko kumi ya kufyatulia tofali. Anayeweza kununua mifuko miwili kwa mwezi anamaliza tofali za chumba ndani ya miezi mitano. Bado kuna mchanga, maji, fundi, msingi, saruji ya kujengea, bati na mlango, lakini sasa unajua unaelekea wapi. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kiwe na kipimo.

Weka fedha ya ujenzi mahali pake, mbali na fedha ya matumizi. Akaunti ya benki, kikoba chenye katiba na kumbukumbu, au hata kununua saruji na kufyatua kabisa. Tofali iliyokauka haikopeki kirahisi na jirani. Kanada nao mwaka 2023 walianzisha akaunti maalumu ya akiba kwa anayenunua nyumba ya kwanza. Pesa ya nyumba ikikaa peke yake, hailiwi na sherehe wala msiba.

Kabla ya kununua, uliza huduma. DAWASA inahudumia Kibaha na Kisarawe, na mji wa Kisarawe ulipata maji ya bomba kutoka Kibamba kupitia mradi uliozinduliwa mwaka 2020. Lakini bomba kupita barabarani si sawa na bomba kufika kwenye kiwanja chako. Kuhusu umeme, tangu Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa ni shilingi 27,000 kwa maeneo ya vijijini na 320,960 kwa mjini kwa mteja aliye karibu na nguzo. Tofauti ni kubwa, kwa hiyo uliza ofisi ya TANESCO eneo unalotaka limewekwa kundi gani. Usimsikilize dalali peke yake.

Hatua sita kabla ya kutoa fedha ya kiwanja

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Tunachomiliki ni haki ya kuitumia. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, na mjini inaongozwa na ile Namba 4. Zote zilianza kutumika Mei 2001. Hivyo hatua ya kwanza ni kujua unanunua ardhi ya aina gani.

1. Uliza kama eneo ni la kijiji au la mji. Kwenye kijiji hati ni ya hakimiliki ya kimila. Kwenye kiwanja kilichopimwa mjini ni hatimiliki ya muda maalumu, kwa mfano miaka 33, 66 au 99.

2. Nenda mchana, zungumza na majirani wa pande zote nne bila dalali. Pima kwa futi kamba. Kiwanja cha "hatua 20 kwa 20" kinategemea miguu ya aliyepima. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400.

3. Ulizia familia ya muuzaji. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Kama ni shamba la urithi, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wajue. Mashamba mengi ya mikorosho na minazi upande wa Kisarawe ni ya ukoo. Mjomba mmoja kusaini hakutoshi.

4. Kwa ardhi ya kijiji, mauzo yanahitaji kuidhinishwa na Halmashauri ya Kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake si idhini ya halmashauri. Omba nakala ya muhtasari wa kikao. Ile "asilimia 10" inayodaiwa kwenye ofisi nyingi wakati wa kuuziana haimo kwenye masharti ya Sheria ya Ardhi. Ukiambiwa ulipe, omba uonyeshwe sheria ndogo inayohusika na upewe risiti ya Serikali.

5. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uone mchoro wa mipango miji. Angalia kama eneo liko kwenye hifadhi ya barabara, reli, njia ya umeme mkubwa au msitu. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Baadhi zilikuwa zimekaliwa miaka mingi. Kisarawe nako, ulizia mipaka ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Kama kiwanja kina hati, fanya upekuzi rasmi ujue kama kimewekwa rehani.

6. Andikeni mkataba mbele ya wakili na mashahidi wa pande zote mbili. Lipa kupitia benki au simu. Fedha taslimu chini ya mwembe haina kumbukumbu.

Anayetaka kiwanja kilichopimwa afuatilie pia matangazo ya halmashauri yenyewe. Halmashauri huuza viwanja vyake, na maombi mengi sasa hupitia mfumo wa TAUSI. Utahitaji namba ya NIDA.

Kwa wazazi wenye mashamba

Sehemu hii ni ya baba, mama, babu na bibi, maana kijana mwingi amekosa kiwanja kwa sababu shamba la kwao limeisha.

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukiigawa kwa viwanja vya mita 20 kwa 20 na kuacha barabara, unapata viwanja nane hivi. Tuseme mzee ameuza ekari kwa milioni 4. Aliyenunua akaigawa na kuuza kila kiwanja milioni 1.5. Nane mara 1.5 ni milioni 12. Miaka mitatu baadaye mtoto wa mzee yule anatafuta kiwanja na anaambiwa milioni 1.5, kwenye udongo aliopalilia akiwa mdogo.

Hatusemi msiuze. Ada ya shule, matibabu na mahari vinahitaji fedha. Tunasema kabla ya kuuza, kaeni kikao cha familia na mtenge kwa maandishi eneo la watoto, wa kike na wa kiume. Sheria ya ardhi inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi. Kama mnaweza, pimeni na muuze viwanja viwili vitatu badala ya ekari nzima.

Na kwenye ngazi ya kijiji, hudhurieni Mkutano Mkuu. Kisarawe ina somo lake. Mwaka 2009 kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka kwenye vijiji vya wilaya hiyo kwa ajili ya kulima mibono. Mwaka 2011 mradi ulikwama. Ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, hairudi kijijini yenyewe kwa sababu mwekezaji ameondoka. Kijana aliyekuwa darasa la tano wakati huo leo ana umri wa kuoa na kutafuta pa kujenga.

Ukipata mgogoro

Usigombane shambani. Kijijini anzia Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo lina wajumbe saba na angalau watatu wawe wanawake. Kisha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 mabaraza haya ya kata yanasuluhisha tu, hayatoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, kesi inakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa Mahakama Kuu. Beba nakala za mkataba, muhtasari na risiti. Nakala halisi acha nyumbani mahali pakavu.

Kama una mkataba wa kupanga au wa kiwanja na hujauelewa, peleka ofisi ya ardhi ya halmashauri au kwa wakili kabla ya kusaini, hata kama dalali anakuambia kuna mteja mwingine anakuja jioni. Maswali yako kuhusu mada hii endelea kututumia, na tutayapeleka kwa maofisa wanaohusika ili wayajibu hewani.